Mama Mkwe na Spidi za Tairi Nne

Mama mkwe wangu alikuwa hajapanda gari tangu mumewe afariki. Mume alikuwa dereva wa lori, na siku moja lori lilimshinda kwenye mteremko, breki zikagoma. Hayo yalitokea kabla sijamjua binti yao, kwa hiyo baba mkwe simjui ila kwenye picha iliyotundikwa ukumbini, amesimama mbele ya lori lake, mkono mmoja juu ya boneti, kofia kaisogeza nyuma. Baada ya msiba ule mama alisema yeye na gari basi. Akiwa na safari ya Tanga mjini hupakiwa nyuma ya baiskeli na kaka yake, kutoka Kigombe mpaka mjini, amekaa upande, mwavuli mkononi, na ole wake dereva atakayewapigia honi.

Kwa miaka mingi hilo halikuwa tatizo la mtu. Sisi tulikuwa tunakwenda kwake, yeye anakuja kwetu Nguvumali kwa baiskeli siku za Iddi, maisha yanakwenda. Kisha mambo mawili yakaja pamoja. Kaka mtu akaanza kuumwa magoti, na mke wangu akapata mimba.

Mimba yenyewe tulikuwa tumeingoja mpaka majirani wamechoka kutuuliza. Kwetu pwani binti mwenye mimba ya kwanza hurudi kwa mama yake kujifungua, akandwe, anyweshwe uji wa pilipili manga, afundishwe kumshika mtoto. Lakini presha ilimpanda, na daktari akamkataza kutoka mjini mpaka ajifungue. Kwa hiyo binti hawezi kwenda kwa mama, na mama hapandi gari.

Mimi nikajifanya mwepesi wa kutatua. Nikamwambia nina shangazi yangu Mabawa, mwanamke hodari, amewakanda wazazi wa mtaa mzima. Mke wangu akaweka kikombe chini.

"Namtaka mama," alisema. "Nikishikwa na uchungu nimwone mama pale. Mtu mwingine simtaki."

Kisha akalia. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, natukana hata spana ikinidondoka, lakini machozi ya mke wangu hunimaliza kabisa. Kesho yake asubuhi nikapiga simu Kigombe.

Nikiongea na mama mkwe kwenye simu husimama wima, ingawa hanioni. Aliniuliza hasa kazi yangu ni nini, maana kila siku anasikia fundi, fundi. Nikamweleza kwamba nina kibanda Ngamiani, natengeneza umeme wa magari, na siku hizi kazi nyingi ni za breki. Akauliza tangu lini breki zikawa na umeme. Nikamwambia magari ya sasa kila tairi lina kidude kinaitwa sensa, kinapeleka habari kwenye kompyuta ya breki kwamba tairi linazunguka kwa spidi gani. Tairi moja likitaka kuganda na kuteleza, kompyuta inalilegezea kidogo. Na chochote kikiharibika humo, taa inawaka mbele ya dereva.

 Kisha akauliza kama ni kweli kwamba gari linamwambia dereva mapema. Nikasema ni kweli. Akasema basi atakuja, ila gari liletwe mpaka mlangoni kwake, alitazame mwenyewe, na likiwa na neno lolote la kusema, yeye hapandi.

Nilimwambia mke wangu, naye akaanza kuandaa chumba siku ileile. Akafua mapazia, akabadilisha shuka ambazo hazijalaliwa na mtu. Nilimwangalia akijisukuma na tumbo lake huku anaimba, nikajua kwamba nikirudi bila mama yake sitakuwa na pa kuuweka uso.

Jumamosi nikaosha gari mpaka likawa kama la harusi. Ni gari dogo la Kijapani, la zamani kiasi, lakini nalitunza. Nilitoka mjini najisikia mwanaume. Nilipoipita Tongoni, kwenye vumbi, taa ya manjano ikawaka mbele yangu, ile yenye herufi tatu ambayo mafundi tunaiita ABS, ikakaa hapohapo inanitazama.

Niliyoyasema peke yangu ndani ya gari sitayaandika. Nilisimama pembeni, nikazima, nikawasha. Taa zote zikawaka kama kawaida, zikazimika moja moja, ya manjano ikabaki. Najua vizuri maana yake. Breki zenyewe ni nzima, ukikanyaga zinashika, kilicholala ni ule msaada wa kuzuia tairi lisigande. Mteja yeyote ningemwambia endesha taratibu, njoo Jumatatu. Lakini huyu hakuwa mteja.

Nikampigia fundi mwenzangu wa Ngamiani anipe wazo. Akacheka, akasema ninazunguka bure, nitafute kipande cha utepe wa gundi nyeusi nikibandike juu ya taa, au nichomoe balbu kabisa, mama wa watu atajuaje. Nikamkatia simu. Hapo ndipo ninapogombana na mafundi wa mji huu. Sijui ni magari mangapi nimeyafungua nikakuta taa zimezibwa, mwenye gari mwaka mzima anadhani anaendesha gari zima. Taa ndiyo mdomo wa gari, wewe unauziba, halafu unaitwa fundi. Na gari linalozibwa mdomo safari hii lilikuwa limbebe mjane wa mtu aliyekufa kwa breki. Nikaondoa gari nikaenda hivyohivyo, taa inawaka.

Mjomba, yaani yule kaka mtu wa baiskeli, alinipokea barazani. Mama akatoka mpaka kizingitini, ushungi umefunika mpaka kidevuni. Nikainama nikasema shikamoo mama, akaitikia marahaba, akauliza hali ya binti yake, nikajibu nikiangalia chini. Kwetu mkwe hamtazami mkwe machoni, wala hali chakula mbele yake. Kwa hiyo mimi na mjomba tulikula barazani, bakuli moja la wali na samaki wa nazi, na mimi kila tonge nalitupia gari jicho, na mama yumo ndani anajifunga buibui la safari. Begi lake lilikuwa limeshawekwa mlangoni.

Akatoka. Akalizunguka gari taratibu, akalipapasa tairi la mbele kwa kiganja. Kisha akasimama penye dirisha la dereva akaniambia niwashe.

Nikawasha. Taa zikatokea zote, zikazimika, ya manjano ikabaki.

"Na hiyo?" akauliza.

Nikamweleza kama nilivyoeleza hapo juu, kwamba breki ni nzima, ni msaada tu uliolala. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole kabisa kwamba tulikubaliana, akageuka, akaingia ndani, na kupitia mlangoni nikamwona anavua buibui. Begi likavutwa ndani. Simu yangu ikaita, mke wangu, nikaiacha iite.

Nilikaa kwenye kiti cha dereva nimeduwaa. Halafu hasira ikanipanda, na hasira yangu ina faida moja, hunifanya nifanye kazi. Nikafungua buti nikatoa mashine yangu. Ni mashine ya kupimia, ukubwa wa kitabu kidogo, ina kioo na vitufe, na waya wake unachomekwa chini ya usukani. Wateja wengi wanadhani inatengeneza gari. Haitengenezi kitu. Inashitaki tu, kama mtoto aliyewaona wenzake wakiiba sukari, kazi ya kupekua ni yako. Nikachomeka, nikaingia sehemu ya breki, nikauliza. Ikajibu kwamba tairi la nyuma kushoto halisikiki.

Nyuma kushoto. Nikatazama buti, na pua yangu ikanipa jibu kabla ya macho.

Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimekuja kusalimia, na wakati wa kuondoka mama akanipa ngisi. Si ngisi wawili watatu, ni mfuko mzima wa nailoni, umejaa barafu na maji ya bahari, wanaelea humo wasiharibike. Yeyote mwenye akili angeomba ndoo yenye kifuniko. Lakini zawadi ya mama mkwe haijadiliwi. Hupokelewa kwa mikono miwili, hushukuriwa, huwekwa ndani ya gari vilevile ilivyotolewa. Ningewezaje kumwambia mama aliyeamka alfajiri kwenda mnadani kwa ajili yangu kwamba mfuko wake unavuja? Niliuweka kwenye buti upande wa kushoto, nikaendesha huku nasikia maji yakichezacheza kila kwenye kona. Nyumbani nilifuta juujuu, tukala ngisi, nikasahau.

Nikafunua zulia la buti, nikang'oa na kile kifuniko cha ubavuni. Pale waya wa sensa unapoungana na waya wa gari palikuwa pameota ukoko wa kijani. Nilikaa nikiutazama. Ugonjwa nilikuwa nimeupata, na nilikuwa siwezi kumtajia mtu.

"Umeona nini?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, amejifunga kanga tu. Mjomba alikuwa kando yake, na majirani wawili watatu walikuwa wameshasogea, kama ilivyo desturi gari likifunguliwa buti.

Nikasema ni kutu. Akasema kutu anaijua, si ya rangi hiyo. Nikasema ni kutu ya chumvi, inakula nyaya. Akauliza chumvi imefikaje huko ndani.

"Ni hewa ya bahari, mama."

Mjomba akakohoa. Mama akasogea, akainama, akanusa ndani ya buti mara moja tu, kama anavyonusa samaki wa mnadani, akainuka.

"Hewa ya bahari hainuki ngisi," akasema. "Ni wale niliokupa. Mbona hukusema mfuko unavuja?"

"Ningesemaje, mama?"

Alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni sawasawa, na mimi kwa mshangao nikasahau kuangalia chini. Kisha akacheka. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumsikia akicheka, ana kicheko kikubwa cha kutoka tumboni kama cha binti yake, na majirani nao wakacheka, mjomba akashika ukuta.

"Heshima yako hiyo ingenikosesha mjukuu," akasema alipopata pumzi. "Haya, unahitaji nini?"

Nikasema nahitaji maji ya moto na mswaki wa zamani. Vikaja. Nikazima gari, nikachomoa waya wa betri, nikausugua ule ukoko mpaka ukaisha, nikayasuuza maungio, nikayakausha kwa kitambaa na jua, kisha nikapitisha petroli. Uzi mmoja ulikuwa umeliwa kabisa, nikaukata nikauunga upya. Nikafunika maungio yote kwa mafuta ya mgando ambayo jirani mmoja aliyatoa kwenye mkoba wake. Wakati wote huo mama alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na tairi, ananiuliza kila ninachofanya, na mimi namjibu, na sikumbuki ni saa ngapi niliacha kuangalia chini.

Nikarudisha betri, nikafuta lile shitaka kwenye mashine, nikawasha gari. Taa ya manjano ikawaka na wenzake, ikazimika nao. Majirani wakapiga makofi. Mimi nikawaambia bado.

Hapo ndipo fundi wa kweli na wa gundi nyeusi wanapoachana. Taa kuzimika gari likiwa limesimama haina maana kubwa, maana tairi lililosimama halina la kusema. Lazima gari litembee na mtu atazame mashine, aone spidi ya tairi zote nne kwa pamoja. Zikiwa sawa, kazi imekwisha. Moja ikibaki nyuma au ikirukaruka, rudi chini ya zulia. Kibandani huwa naendesha mimi na mwenzangu anasoma. Kuendesha huku unatazama mashine siwezi, hasa pale Kigombe ambapo mbuzi wanajiona wana barabara yao.

Nikamwomba mjomba. Akaishika mashine, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akasema anaona mwanga tu. Nikawageukia majirani, mmoja ana mtoto mgongoni, mwingine amekwisha rudi nyuma hatua kadhaa.

"Nipe," akasema mama.

Sikuelewa. Akanyoosha mkono. Nikamwambia mashine inasomwa gari likiwa linatembea. Akasema amesikia, si kiziwi. Nikamfungulia mlango wa nyuma, mahali pa heshima, lakini waya wa ile mashine uliwahi kukatika nikauunga, ukabaki mfupi, haufiki nyuma. Tukatazamana tena. Mama mkwe kukaa mbele, bega kwa bega na mkwewe, kijiji kizima kinaona. Akavuta kanga yake akaifunga vizuri kichwani, akazunguka, akafungua mlango wa mbele mwenyewe, akakaa. Nikamwonyesha namna ya kufunga mkanda. Akauvuta mara mbili ahakikishe umeshika. 

Nikamweleza mistari minne ya kwenye kioo, huu wa mbele kushoto, huu wa mbele kulia, na ya nyuma hivyohivyo. Akaishika mashine kwa mikono miwili mbele ya kifua, kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi lililojaa. Nikaondoa gari polepole.

"Sita, sita, sita, sita," akasoma.

Mama mkwe wangu ameuza samaki mnadani maisha yake yote, na sauti aliyoitumia ni ileile ya mnadani. Nane nane nane nane. Kumi, kumi, kumi na moja, kumi, haya imerudi, kumi zote. Majirani nyuma wakawa wanaitikia mpaka tukawaacha. Nikaongeza mwendo kidogo, naye akapandisha sauti. Mbuzi akajitupa mbele, nikakanyaga breki, yeye akasoma zikishuka, ishirini, kumi na mbili, tano, akasema zimeshuka zote pamoja, hakuna iliyochelewa. Wala hakumtazama mbuzi.

Tukaipita nyumba ya mwisho. Nikasema nigeuze turudi, tairi zimeshapona. Hakuinua macho.

"Nenda," akasema. "Usinisimamishe nikasoma vibaya."

Nikaenda. Tulikuwa tumeiacha Kigombe nyuma kabisa, spidi imefika arobaini, arobaini zote nne, ndipo nilipotambua kwamba begi lake lilikuwa limebaki ndani kwake, na kwamba mama mkwe wangu yuko ndani ya gari, amevaa kanga na ndara, anakwenda mjini. Nikaendelea na mwendo uleule.

Karibu na Tongoni alinyamaza. Nikadhani namba zimeharibika, nikamtazama kwa pembeni. Alikuwa bado anasoma, lakini kimya, machozi yanashuka mashavuni na yeye hayafuti kwa sababu mikono yote miwili imeshika mashine.

"Lori la marehemu halikuwa na kitu cha kumwambia," akasema. "Angalau angejua."

 Nikamwambia pole, mama, jambo ambalo nilipaswa kulisema miaka mingi nyuma na sikuwahi, kwa sababu ya kuangalia chini. Akaitikia kwa kichwa, akajipangusa kwa bega, akarudi kwenye kazi yake. Thelathini na tano, thelathini na tano.

Mjini watu walituangalia. Mwanamke mtu mzima, amekaa mbele, anatangaza namba dirisha wazi, na mimi dereva nimetabasamu kama chizi. Kwenye mzunguko wa barabara akanikaripia kwamba tairi za kushoto na za kulia hazifanani, nikamweleza kwamba gari likikata kona tairi za nje hukimbia zaidi, akalifikiria, akakubali. Nilijisikia furaha ambayo sijui hata niifananishe na nini.

Mke wangu alisikia gari, akatoka mpaka mlangoni, mkono kiunoni, uso umeshajiandaa kuvunjika moyo, maana simu zake zote nilikuwa sijapokea. Akaona kanga kwenye kiti cha mbele. Akaita mama, mara moja, sauti ikamkatika.

Mama hakugeuka. Alikuwa ameinamia mashine, kidole kimoja kinafuata mistari, na mimi nakanyaga breki kwa mguu mwepesi kuliko siku zote za maisha yangu. Gari likasimama. Akangoja kidogo ahakikishe.

"Sufuri, sufuri, sufuri, sufuri," akasoma. Akanikabidhi mashine. "Sasa nifungulie huu mkanda, baba, nikamshike mwanangu."